Kabichi Kumi na Moja Kwenye Kona ya Reli

Mimi ndiye niliyemfanya dada yangu afunge mizigo na kurudi kwa baba akiwa na mtoto mgongoni, na nilifanya hivyo kwa hesabu zisizo na kosa. Nasema hili mapema ili msomaji asinihurumie kabla ya kujua bei.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Nakuru. Nilikuwa kijana wa ishirini na kitu, nikiuza mboga sokoni, na nilikaa kwa dada yangu katika landi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli. Chumba kilikuwa kimoja kwa familia nzima, na pazia katikati kwa yule aliyebahatika kuwa na shemeji kama mimi. Upande wenye dirisha ulikuwa wao wawili na mtoto wao, ambaye alikuwa hajafikisha mwaka na nusu. Upande wa mlango ulikuwa wangu, pamoja na sufuria na baiskeli.

Mume wa dada alikuwa brekimani. Kazi yake ilikuwa kupanda treni ya mizigo, kukaa katika behewa la mwisho pamoja na gadi, mkuu wa treni, na kuhangaika na breki za mkono treni ikiteremka kutoka milima ya Mau. Alikuwa mrefu, mpole, mtu wa maneno machache. Ukimwuliza swali alilitazama kwanza, kama mtu aliyepewa noti asiyoijua. Mimi maneno ndiyo yalikuwa mtaji wangu. Sokoni nilijulikana kwa kuhesabu mara mbili: mara ya kwanza mbele ya muuzaji, mara ya pili nikiwa nimempa mgongo kidogo, ili aone nahesabu tena na moyo umgonge.

Sasa, kabichi. Molo zilikuwa kubwa kama vichwa vya ndama, na akina mama walikuwa wakiziuza kando ya reli kwa bei ambayo hata mimi niliona haya kuishusha. Niliishusha, lakini niliona haya. Kila Alhamisi treni ya shemeji ilipita Molo, ikasimama Njoro ili injini inywe maji, halafu ikateremka Nakuru. Taabu ilikuwa lango la stesheni. Ilikuwa Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, na kila gunia lililotoka pale lilifunguliwa, likamwagwa, likachomwachomwa kwa fimbo ya chuma, na mwenyewe akaulizwa babu yake alizaliwa wapi. Kabichi iliyochomwa na askari hainunuliwi na mtu mwenye macho.

Lakini kabla ya stesheni, reli ilikuwa inapita nyuma ya landi yetu, ng'ambo ya vyoo, halafu inakata kona kwenda kushoto. Basi tukaelewana, shemeji na mimi. Yeye angetia kabichi kumi na mbili katika gunia kuukuu, afunge kwa kamba ya katani, na treni ikifika mahali nilipoweka alama, alisukume gunia nje ya mlango wa behewa. Mimi nikitoka sokoni ningelipitia.

Alama ilikuwa jiwe, kubwa kama kigoda, nililolipaka chokaa iliyobaki wakati vyoo vilipopigwa rangi. Mahali nilichagua mwenyewe: pasipo na mawe ya kupasua kabichi, nyasi fupi, hatua ishirini na mbili kabla ya kona. Nilizipima kwenda na kurudi. Hilo nalo litiwe kwenye hesabu yangu.

Alhamisi ya kwanza nilifika kama saa kumi na nusu. Gunia lilikuwa limepasuka, hatua kadhaa mbele ya jiwe, upande wa kona. Nikajisemea, huyu bwana ni mzito wa mkono, amechelewa kuachia. Nikaokota kabichi. Tisa. Nikazihesabu tena. Tisa.

Nikatafuta. Na hapa nataka nieleze nilivyotafuta, kwa sababu ujinga wangu wote umo humo. Nilitafuta nyuma ya jiwe, upande wa Njoro. Kichwa changu kiliniambia hivi: treni inakwenda mbele, kinachotoka ndani yake kinabaki nyuma. Nilirudi nyuma hatua mia moja nikiinama kama mtu aliyeangusha sindano. Kisha, ili nisijilaumu, nikafuata reli kwenda mbele, nikakata nayo kona, nikatazama kando ya vyuma mpaka karibu na ishara ya stesheni, ule mkono wa chuma unaoruhusu treni kuingia. Hakuna kitu.

Jioni, shemeji akiwa anakula, nikamwuliza.

"Shemeji, ulitia ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Nimeokota tisa."

Akalitazama swali. Akamega ugali. "Labda zimekimbia."

"Zimekimbia!"

"Kitu ukikiachia kutoka kwa treni hakianguki hapo hapo, bwana. Kinakimbia kidogo pamoja nayo. Ndivyo kilivyo."

"Kwa miguu gani?"

Dada yangu akacheka mpaka mtoto naye akacheka bila kujua sababu. Shemeji akatabasamu, akanawa mikono, na mambo yakaishia hapo.

Alhamisi ya pili zilikuwa kumi. Ya tatu zikawa kumi na mbili kamili, zimelala karibu na jiwe kama mayai kwenye kiota. Ya nne, tisa. Ya tano, tisa. Nilifikiria wezi, nikawafuta mmoja mmoja. Mwizi wa kabichi hachukui tatu akaacha tisa. Huo ni wizi wa mtu mwenye adabu, na pale landi sikumjua hata mmoja. Mbuzi wangeacha majani. Vumbi jeupe la kutoka ziwani lilikuwa limetanda pale, na nyayo zilizokuwa juu yake zilikuwa zangu peke yangu.

Akabaki mmoja. Na ile Alhamisi ya tatu, badala ya kumtetea, ikamzamisha. Nilimwuliza kwa nini siku ile hazikupungua. Akasema, "Siku ile ishara ya stesheni ilikuwa imetufungia. Tulikuwa tunatambaa tu." Alinipa jibu lote mkononi, limemenywa. Mimi nikalifanyia biashara yangu: kumbe siku treni inapochelewa, hapati nafasi ya kushuka Njoro! Njoro injini inakunywa maji karibu nusu saa. Nusu saa inamtosha mwanamume kumpelekea mtu kabichi tatu.

Sikuwa na mwanamke yeyote wa Njoro kichwani mpaka nilipomaliza kutoa tisa kwenye kumi na mbili. Hesabu ilibaki na tatu, na tatu zilitaka mtu wa kuzipika.

Nikamwambia dada. Nilimwambia nikiwa natengeneza mnyororo wa baiskeli, bila kumtazama, kama mtu anayetaja bei kwa kubahatisha.

"Una hakika?" akauliza.

"Nimehesabu mara mbili."

Hakuuliza tena. Jioni ile nilisikia sauti zao nyuma ya pazia, yake ikipanda, ya shemeji ikibaki pale pale ilipo.

Watu wa kwetu magharibi waliokaa pale landi walikuwa na kamati. Ilikutana Jumapili baada ya kanisa, kwenye mabenchi karibu na mabomba ya maji, ikashughulikia michango ya mazishi na ugomvi wa nyumba. Mwenyekiti wake alikuwa mpishi mzee aliyewapikia wakubwa wa reli, mtu aliyependa kesi kuliko mchuzi. Wajumbe wengine walikuwa seremala, mfagiaji wa ofisi na dobi. Naomba ionekane vizuri: hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ilikuwa juu ya treni inayotembea, isipokuwa mshtakiwa.

Dada akapeleka kesi, mimi nikawa shahidi. Na nilijitayarisha. Siku moja kabla niliviringisha pipa tupu mpaka kwenye jiwe langu, nikapanda juu nikiwa na kabichi, mikono yangu ikawa sawasawa na kimo cha mlango wa behewa. Nikaachia. Nilihesabu kimoyomoyo, "mo-ja," na kabichi ikawa chini, kando ya jiwe, ikajigeuza kidogo na kutulia. Nikarudia. Mo-ja. Pale pale.

Nikaieleza kamati yote hayo. Mpishi akamgeukia shemeji.

"Bwana, umesikia. Kabichi ikiachiwa kwenye jiwe inaanguka kwenye jiwe. Sasa zako tatu zinakwenda wapi?"

"Mzee, pipa limesimama. Treni inakwenda. Vitu vinakimbia na treni kabla ya kufika chini."

Dobi alianza kukunja uso kama mtu anayetaka kufikiri. Niliona shauri linaweza kugeuka, na nikafanya nilichokuwa nikifanya sokoni mnunuzi akianza kuelewa bei.

"Wazee," nikasema, "nimekula kabichi tangu utoto. Nimeona kabichi yenye majani, nimeona yenye wadudu. Yenye miguu sijaona. Lakini kama zipo, na zinakimbia, mbona zinakimbilia Njoro?"

Wee! Mabenchi yalitikisika. Seremala alishika mbavu. Wanawake waliokuwa wakiteka maji waliweka madebe chini ili wacheke kwa nafasi. Hata dobi akakunjua uso. Shemeji alisubiri kicheko kiishe, na kilipoisha hakusema neno lingine la kujitetea. Nilidhani nimemshinda. Nilikuwa nimemnyamazisha tu, na sikujua kwamba hayo ni mambo mawili.

Mpishi akaamua aombe msamaha kwa mkewe na amwache huyo mwanamke.

"Msamaha naweza kuomba kwa mengine," shemeji akasema. "Lakini mzee, siwezi kumwacha mtu ambaye sina."

Ikaonekana ni kiburi. Jumatatu asubuhi dada alipanda treni ya kwenda kwetu. Shemeji alikuwa kazini. Mimi ndiye niliyembebea sanduku.

Wiki ile ile nilikwenda Njoro kumtafuta mwanamke. Nilitaka niwe na jina lake, na nyumba, ili kazi yangu iwe kamili. Nilizunguka stesheni, nikaulizauliza kwa akina mama wauza maziwa na viazi, nikijifanya nina ujumbe kutoka kwa brekimani mrefu.

"Yule anayepaka breki mafuta?" mmoja akaniuliza. "Huyo hashuki, kijana. Injini ikinywa maji yeye yuko chini ya mabehewa, mgongo kwenye mawe. Hata salamu anaitikia miguu ikiwa nje."

"Hata mara moja hajawahi kununua kitu hapa? Au kumpa mtu kitu?"

"Wewe ni nani wake?"

"Shemeji yake."

"Basi mwambie shemeji yako aje aposwe, tumtoe huko chini." Wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu mtu akichekwa ugenini ni heri aungane nao.

Sikuamini. Nilijisemea wanamfichia. Nikanunua kabichi moja ili safari isipotee bure, nikapanda treni ya abiria ya saa tisa, daraja la tatu, nikapata nafasi dirishani upande wa kulia. Karibu yangu alikaa mama mnene mwenye kikapu cha kuku.

Tulipokaribia Nakuru nililiona jiwe langu jeupe kwa mbali, nikapata wazo. Nitaachia kabichi hii sawasawa kwenye jiwe. Itaanguka kwenye jiwe, au itabaki nyuma, na nitakuwa nimeona kwa macho yangu. Nikainyoosha mikono nje ya dirisha. Mama akanitazama.

"Kijana, kabichi imekukosea nini?"

Jiwe lilifika chini ya mikono yangu, nikaachia. Sikuirusha mbele, sikuirusha nyuma. Nilifungua vidole tu.

Kabichi haikubaki nyuma.

Nilitoa kichwa nje, na ilikuwa pale pale chini ya dirisha langu, ikienda na mimi. Jiwe ndilo lililobaki nyuma. Kabichi ilishuka ikiwa sambamba na mimi, kama mtu anayeshuka ngazi ndani ya nyumba yake, na nikajikuta nahesabu, "mo-ja," na ikagusa ardhi. Muda ule ule wa kwenye pipa. Ilikuwa inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kuanguka na kwenda, na kazi moja haikuichelewesha nyingine hata kidogo. Ilipogusa chini haikutulia kama ile ya pipa. Iliruka, ikagonga tena, ikabiringika mbele kwa kasi ya treni, kando ya magurudumu.

Halafu tukafika kwenye kona. Treni ikageuka kushoto kama reli ilivyoiamuru, na mama akanilalia begani na kuku wake wote, kwa maana miili yetu nayo ilitaka kuendelea mbele. Kabichi haikuwa na reli ya kuiamuru. Haikukata kona. Ilikwenda moja kwa moja, ikaacha ukingo, ikaingia katika majani marefu ya mabingobingo chini ya tuta, upande wa kulia, mahali ambapo sikuwahi kutia mguu. Majani yakatikisika, yakafunga.

"Umetupa chakula," mama akasema, akijisawazisha. "Na njaa hii."

Nilishuka stesheni, nikapita kwa askari, nikarudi kwa miguu kando ya reli mpaka kwenye kona. Nikashuka tuta. Ndani ya yale majani palikuwa na mfereji wa zamani wa maji ya mvua, mkavu, na ndani ya mfereji zilikuwa kabichi.

Moja ilikuwa mbichi, hiyo yangu. Nyingine zilikuwa zimenyauka, nyingine zimekuwa rojo la kahawia na nzi juu, nyingine zimebaki shina tu la katikati. Harufu ilinipiga kifuani. Niliziacha zilivyo, nikahesabu bila kuigusa hata moja. Tukiondoa yangu, zilikuwa kumi na moja. Nikaenda upande wa pili wa mfereji nikahesabu kuanzia huko. Kumi na moja. Alhamisi ya kwanza tatu, ya pili mbili, ya tatu hakuna, ya nne tatu, ya tano tatu. Sijawahi tena maishani kuwa na hesabu iliyokubali vizuri namna ile, na nilitamani sana ikatae. Laiti ingepungua hata moja, ningesema imepikwa huko Njoro.

Nilikaa chini ukingoni mwa ule mfereji. Mtu mwenye haki angetoka pale akaenda moja kwa moja. Mimi nilikata kona.

Nilinyamaza siku tano. Nilikuwa na sababu, kwa kuwa mtu wa sokoni hakosi sababu. Nilisema ngoja dada atulie kwanza. Nilisema barua itapotea njiani. Nilisema kamati itakutana Jumapili tu, kana kwamba kamati ndiyo iliyokuwa inalala nyuma ya pazia na kuamka saa kumi na moja alfajiri kujipikia chai. Shemeji hakunifukuza. Aliporudi kutoka safari alikuwa anaweka sufuria, anapika ugali wa watu wawili, anakata wake, ananiachia wangu. Nguo ndogo za mtoto zilibaki kwenye kamba, akazitoa, akazikunja vibaya kama wanaume wanavyokunja, akaziweka juu ya kitanda.

Siku ya nne nilinunua ratili nzima ya nyama. Ya mfupa kidogo, lakini ratili. Nilikuwa natafuta bei, mwenzangu. Nilitaka kuona kama jambo lile linaweza kumalizika kwa nyama. Nikaipika na nyanya, nikampakulia minofu mikubwa, nikachukua mifupa. Alikula polepole. Alipomaliza alinishika bega.

"Asante, shemeji. Wengine wote hapa wananipita kama nguzo. Wewe ni mtu."

Nikasema, "Si kitu." Ilikuwa kweli. Sikulala usiku ule.

Jumapili nikasimama mbele ya mabenchi bila kuitwa. Nikasema kabichi zimepatikana, ziko zote kumi na moja, ndani ya mfereji wa kona. Shemeji alisema kweli tangu siku ya kwanza. Mwanamke wa Njoro nilimtengeneza mimi. Nilitegemea wanitukane. Mpishi aliuma midomo, akasema kamati haiwezi kugeuza uamuzi kwa maneno matupu. Ushahidi wa kwanza ulikuwa wa vitendo, na huu nao uwe wa vitendo.

Akachora mstari kwenye vumbi kwa fimbo. Nikapewa kiazi.

"Kimbia. Ukifika kwenye mstari, achia."

"Mzee, nimevaa koti la kanisa."

"Na siku ile ya kesi ulivaa nini?"

Nikakimbia. Kiazi kilianguka mbele ya mstari, hatua nzima, kikabiringika mpaka miguuni mwa seremala.

"Umerusha," seremala akasema.

"Sijarusha, nimefungua vidole."

"Rudi tena, mkono uwe wazi tuuone."

Nikakimbia mara ya pili, ya tatu, ya nne. Watoto walikusanyika wakaanza kunihesabia kwa sauti. Wanawake wa madebe walikuwepo wale wale. Kila mara kiazi kilipita mstari, na kila nilipokimbia kwa kasi zaidi kilianguka mbali zaidi, mpaka dobi, ambaye alikuwa ametaka kufikiri tangu Jumapili ile, akasimama akasema, "Basi, wazee. Nimeona. Mkono ukienda, kiazi kinakuwa tayari kiko safarini."

"Kwa hiyo miguu iko," mpishi akasema, na kicheko kikaja, kikubwa kuliko kile cha kwanza. Nilisimama katikati yake nikitoka jasho ndani ya koti. Nilimtafuta shemeji kwa macho. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Hakucheka. Sidhani alikuwa na hasira. Alikuwa anatazama ule mstari kwenye vumbi kama mtu anayejiuliza kwa nini kitu chepesi hivi kilimgharimu nyumba.

Kanuni ya kamati yetu ilikuwa kwamba anayemsingizia shemeji yake hutoa kuku, na kuku huliwa na wale wale waliousikia uongo, ili midomo iliyoupokea iumeze. Mpishi akauliza shemeji anataka jogoo au mtetea.

"Sitaki kuku," shemeji akasema. "Aende kwa baba yake. Aseme kwa mdomo ule ule."

Nilikwenda. Safari ya treni ilikuwa ndefu, na katika kila kona nilihisi mwili unavutwa upande wa nje na nikajua unataka kwenda wapi. Baba alinisikiliza akiwa amekaa kwenye kiti chake, dada akichambua maharagwe kwenye ungo mlangoni. Nilieleza yote, jiwe, pipa, mfereji. Baba hakuelewa habari ya kabichi na hakutaka kuielewa.

"Kwa kifupi," akasema, "mtu alikwambia kweli, wewe ukawachekesha watu juu yake."

"Ndiyo, baba."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Dada hakuinua kichwa. Alitoa jiwe dogo kwenye maharagwe, akalitupa uani. "Mume wangu aliniambia hana mtu," akasema. "Nilikaribia kumwamini. Nikakumbuka kwamba wewe unahesabu mara mbili." Alisema bila ukali, kama mtu anayetoa taarifa. Kisha akaendelea na maharagwe, na kila alipoitwa na mtoto aliitika, na kila nilipomwita mimi alinijibu baada ya kitambo, kwa heshima, kama anavyojibiwa mgeni.

Zilipita wiki nyingine sita kabla baba hajamruhusu arudi, kwa kuwa ilibidi atumwe mzee kuzungumza na wazee wa upande wa shemeji, na mambo hayo hayaendi kwa treni. Jumla zikawa wiki saba. Nilikaa kule kule nikilima, nikijitahidi kuwa na faida. Mtoto alinizoea. Dada alikuwa na kazi, babu wa mtoto alikuwa na mgongo mbovu, basi ilikuwa ni mimi wa kumbeba, kumpeleka kuona ng'ombe, kumlisha uji. Njiani kurudi Nakuru alilala mapajani mwangu kutoka asubuhi mpaka Molo.

Shemeji alikuwa amesimama kwenye jukwaa la stesheni, amevaa shati lililopigwa pasi na mtu asiyejua pasi. Dada alishuka mbele. Walisalimiana kwa mkono, wakashikana kidogo zaidi ya desturi. Kisha shemeji akageuka kwangu, akanyoosha mikono yote miwili kwa mwanawe.

Nikampa. Mtoto akamtazama yule mtu mrefu usoni, akatazama shati, akatafuta kitu anachokijua, hakukipata. Uso ukamkunjamana. Akapiga yowe, akajipinda mgongo mikononi mwa baba yake, akaninyooshea mimi vidole vyake vyote kumi.

Watu waligeuka kutazama. Shemeji aliendelea kumshika, anambembeleza kwa sauti ya chini, "Ni mimi, baba. Ni mimi," na mtoto akazidi kulia akiniita. Dada alinitazama mara moja. Nikarudi hatua moja nyuma, nikatia mikono mfukoni.